Historia: Redio, lubunga na uvumi – namna habari zilivyohamisha na kurudisha watu wa Fizi

SWIMA, Fizi. – Kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Uvira na Baraka, habari ina uzito wa mzigo. Neno moja likitoka upande wa Makobola, mama anafunga godoro, anachukua sufuria na kumshika mtoto mkono. Neno lingine likitoka upande wa Mboko, anafungua mzigo na kuwasha moto tena. Ziwa liko mashariki, milima ya Itombwe iko magharibi, na katikati kuna watu wanaouliza kila asubuhi: umesikia nini?

Swali hilo si la leo. Historia ya Fizi kwa miaka themanini iliyopita ni pia historia ya namna watu walivyopata habari, nani aliyewaletea, na walikaa na nani kuzijadili kabla ya kuamua. Wataalamu wa mawasiliano huko Ulaya na Marekani wameandika vitabu vingi juu ya mambo hayo. Watu wa kando ya Ziwa Tanganyika wameyaishi.

Kabla ya redio

Kwa Wabembe, habari kubwa haikuwa ya mtu mmoja. Ilipelekwa lubunga, mahali wazee wanapokaa kuzungumza mambo ya ukoo, mashamba, ndoa na magomvi. Mjumbe alisema alichokiona, wazee wakamuuliza: wewe mwenyewe ulikuwepo, au uliambiwa? Nani alikuwa pamoja nawe? Neno lilipotoka pale, lilikuwa limepimwa.

Mwanasayansi Kurt Lewin alipima jambo linalofanana na hilo huko Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia. Serikali ilitaka familia zile nyama za ndani, kama moyo na figo, kwa sababu nyama nyingine ilikuwa haba. Akina mama wengine walipewa hotuba nzuri. Wengine walikaa kikundi, wakajadiliana, kisha wakaamua pamoja. Waliosikia hotuba peke yake, 3 tu kwa 100 ndio walioenda kupika nyama hizo. Waliojadiliana kwenye kikundi, walikuwa 32 kwa 100. Hotuba inaingia sikioni, lakini uamuzi wa kikundi unafika jikoni. Mzee wa lubunga asingeshangaa.

Pamoja na lubunga kulikuwa na soko, kanisa, msikiti na mitumbwi. Wavuvi waliotoka usiku na taa walirudi asubuhi na ndagala, na pia na maneno ya Burundi na Kigoma.

Sauti inayotoka juu

Radio Congo Belge ilianza Léopoldville mwaka 1940. Baada ya uhuru, na hasa wakati wa Mobutu, redio ya taifa ikawa Sauti ya Zaire. Habari ilitoka Kinshasa ikishuka mpaka kijijini, na kijiji hakikuwa na njia ya kujibu. Kwenye televisheni, kabla ya habari, uso wa Rais ulionekana ukishuka kutoka mawinguni.

Viongozi wengi wa wakati ule, si wa Zaire peke yake, waliamini kwamba redio ni kama sindano: unadunga neno, na mgonjwa wote anabadilika. Mwaka 1948 Mmarekani Harold Lasswell aliweka swali ambalo wanafunzi wa uandishi wa habari bado wanalisoma: nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na matokeo yake ni nini? Swali zuri, lakini halionyeshi kinachotokea baada ya redio kuzimwa.

Paul Lazarsfeld na wenzake walikionyesha. Walifuatilia wapiga kura wa wilaya ya Erie, jimbo la Ohio, kwenye uchaguzi wa mwaka 1940, wakachapisha kitabu mwaka 1944. Walidhani watakuta redio na magazeti vinageuza watu. Walikuta kwamba wengi walisikiliza zaidi mtu waliyemwamini: jirani, ndugu, mwenzao wa kazini. Huyo ndiye aliyesikiliza redio, akaieleza kwa namna yake. Habari ilipiga hatua mbili.

Huku Fizi hatua hizo mbili zilijulikana bila kitabu. Redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, na mawe yake yalikuwa ghali. Watu walizunguka mwenye redio saa ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kutangaza tarehe 27 Juni 1957, au ya Deutsche Welle. Taarifa ilipokwisha, ndipo mazungumzo yalipoanza. Mwalimu, muuguzi, katekista au mchungaji alieleza maana. Aliyekosa redio alipata habari kwa mdomo wa huyo.

Mbayuwayu na sauti ya chuki

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Redio za watu wenyewe zikaanza kuzaliwa. Bukavu ilipata Radio Maendeleo mwaka 1993. Mwaka huohuo, ng'ambo ya Rusizi, huko Kigali, ilizaliwa redio nyingine: RTLM. Hiyo ilicheza muziki, ikachekesha watu, na katikati ya vicheko ikapanda chuki. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakuu wawili wa redio hiyo, Nahimana na Barayagwiza, pamoja na Ngeze, mwenye gazeti la Kangura.

RTLM haikufanya kazi peke yake. Ilisikilizwa vizuizini, watu wakiwa kikundi, mbele ya kiongozi aliyesema: mmesikia. Redio ilitoa neno, kikundi kikalipa mikono. Zile hatua mbili za Lazarsfeld zinaweza pia kwenda gizani.

Agosti 1994 redio ya namna nyingine ilianza kutangaza kutoka Bukavu: Radio Agatashya, maana yake mbayuwayu. Ililetwa na waandishi wa habari kutoka Uswisi, na kazi yake ilikuwa kuwapa wakimbizi na wenyeji habari zilizochunguzwa. Kutokana nayo lilizaliwa shirika la Fondation Hirondelle mwaka 1995. Vita vilipoingia Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996, mbayuwayu alinyamaza.

Mlango ukifungwa

Kurt Lewin huyo huyo aliacha wazo lingine: mlinzi wa mlango. Alisema chakula hakifiki mezani mpaka mtu fulani nyumbani, mara nyingi mama, amekiruhusu kupita. Mtafiti David Manning White alilichukua wazo hilo mwaka 1950 na kuonyesha kwamba habari nayo ina mlinzi: yule anayeamua ipi ipite na ipi ikae nje.

Wakati wa vita vya pili, kuanzia Agosti 1998, mlango wa Kivu ulishikwa na RCD. Mwaka 1999 Radio Maendeleo ilifungwa. Ni katika wakati huo ndipo yalipotokea ya Makobola. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na tarehe 2 Januari 1999, raia waliuawa Makobola na vijiji vya karibu. Hakukuwa na redio ya eneo iliyoweza kusema. Habari ilitoka kwa watu wa kanisa, ikafika Roma kwa Misna, shirika la habari la wamisionari, lililotangaza siku za kwanza za Januari kwamba waliokufa walizidi 500. Redio za ng'ambo zikaichukua. Miaka kumi na moja baadaye, tarehe 1 Oktoba 2010, ripoti ya Umoja wa Mataifa inayojulikana kama Ripoti ya Mapping iliandika kwamba waliouawa walizidi 800.

Familia za Makobola hazikungoja ripoti ili zijue wafu wao. Lakini kuna tofauti kati ya kujua na kutambuliwa. Jambo lisilotangazwa, wenye nguvu wanaweza kusema halikuwepo. Ndiyo sababu anayefunga redio ameshinda nusu ya vita bila risasi.

Ng'ambo ya ziwa

Waliovuka ziwa walifika Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, Lugufu mwaka 1997. Huko habari za nyumbani zilikuja kwa mitumbwi, kwa barua, na kwa redio. Huko Ngara, Radio Kwizera ilikuwa hewani tangu mwaka 1995, chini ya shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi.

Tanzania yenyewe ilikuwa na uzoefu mkubwa wa kusikiliza kwa vikundi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliweka watu karibu milioni 2 kwenye vikundi vipatavyo 75,000. Kila kikundi kilikuwa na redio, kitabu na kiongozi. Walisikiliza kipindi, wakazungumza, kisha wakatoka pamoja kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kama redio ingesema peke yake, labda vyoo vingebaki maneno.

Oktoba 2005, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilianza kurudisha Wakongo kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Hapo swali la habari likawa swali la maisha. Redio ilisema amani imerudi. Baba wa familia alitaka kusikia kwa mdomo wa shemeji aliyebaki: shamba linalimwa na nani? Nyumba bado ina ukuta? Barabara ya usiku ikoje? Lugufu ilifungwa mwaka 2009, lakini wengi walikuwa wamekwisha kurudi, na kila aliyerudi aliandikia wengine.

Kuzungumza kunatosha?

Tarehe 25 Februari 2002, siku mazungumzo ya Wakongo yalipoanza Sun City, Radio Okapi ilianza kutangaza kwa Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Kwa mara ya kwanza tangu vita, mtu wa Kivu na mtu wa Kinshasa walisikia taarifa moja. Kazi hiyo ililipiwa kwa damu: Serge Maheshe aliuawa Bukavu tarehe 13 Juni 2007, na Didace Namujimbo tarehe 21 Novemba 2008, wote wa Radio Okapi.

Miaka hiyohiyo, michezo ya redio ya amani ilisikika Kivu. Mmoja uliitwa Kumbuka Kesho. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliufuatilia, akachapisha matokeo mwaka 2010. Sehemu nyingine watu walisikia mchezo tu. Sehemu nyingine, baada ya mchezo kulikuwa na kipindi cha kuwahimiza wajadili. Wengi wangetazamia kwamba waliojadili wataelewana zaidi. Ilikuwa kinyume. Walizungumza zaidi, ndiyo, lakini walikumbuka zaidi machungu yao, wakawa wagumu zaidi kuvumilia na kusaidia watu wa kundi wasilolipenda.

Matokeo hayo hayasemi watu wanyamaze. Yanasema mazungumzo yanataka utaratibu. Lubunga haikuwa kelele: kulikuwa na mzee wa kuongoza, zamu ya kusema, na upande wa pili kusikilizwa. Watu wenye kidonda kimoja wakikaa peke yao na kurudia maumivu yao bila wa kuwauliza, kidonda kinakua.

Simu mkononi

Leo kila mmoja ni mlinzi wa mlango. Sauti ya dakika moja kwenye WhatsApp inatoka Uvira, inafika Swima, Mboko na Baraka kabla mwenye kuituma hajamaliza kunywa chai. Tangu Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23 Februari 2025, familia nyingi zimehama na kurudi na kuhama tena, na mara nyingi ni sauti kama hiyo iliyowaondoa.

Mwaka 1947 Gordon Allport na Leo Postman waliandika kwamba uvumi unakua kwa mambo mawili yakizidishana: jambo kuwa la muhimu sana, na ukweli wake kutoonekana wazi. Moja likiwa sifuri, uvumi unakufa. Katika vita umuhimu hauwezi kupunguzwa, maana ni uhai wa watoto. Kinachoweza kupunguzwa ni giza. Kazi hiyo ni ya redio, ya chefu wa kijiji, ya shirika la kiraia, na ya kila mwenye simu.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo inaokoa, maana anayepuuza kila neno anaweza kukutwa kitandani. Lakini imewatoa pia watu mashambani siku ya mavuno bila adui yeyote kuja. Kati ya hatari hizo mbili, maswali ya lubunga bado ni mazuri kuliko yote: aliyesema alikuwepo? Ni mahali gani hasa? Ni leo, au ni sauti ya mwezi uliopita? Nani mwingine ameona?

Mama aliyefunga godoro lake kando ya barabara hana muda wa vitabu vya Lazarsfeld. Ila maswali hayo manne anaweza kuyauliza akiwa amesimama, mtoto mgongoni, kabla ya kunyanyua mzigo.