Bingwa Anayelishwa kwa Kijiko cha Mwenyewe

Mwaka 2006 ubingwa wa ligi kuu ya Kenya ulienda Awendo. Si Nairobi, si Mombasa. Awendo, mji mdogo wa miwa kule Migori ambao wengi wetu tungeutafuta kwenye ramani kwa tochi. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi, walikuwa wamebeba kombe miaka mitatu mfululizo. Gor Mahia na AFC Leopards ndio waliokuwa na mashabiki na majina. Lakini aliyevishwa taji ni SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari.

Novemba 2019 timu hiyohiyo ilitupwa nje ya ligi kuu. Haikushuka kwa kufungwa magoli. Ilikosa kufika uwanjani mara tatu, na kanuni zilikuwa wazi: ukikosa mechi tatu, kwaheri. Matokeo yake ya msimu ule yakafutwa kabisa, kana kwamba haikuwahi kucheza. Klabu iliyowahi kuwa bingwa wa nchi ilikosa hata pesa za kuipeleka basi kwenye mechi.

Mimi nimekulia Chara, kwenye delta ya Mto Tana, na huku kwetu hatujawahi kuwa na timu ya ligi kuu. Tuna timu za vijiji, na hesabu zake kila mtu anazijua kwa kichwa. Mpira unachangiwa. Jezi huja wakati wa kampeni, zikiwa na sura ya mheshimiwa kifuani. Nauli ya kwenda kucheza Garsen ni harambee. Nilipokuwa mdogo nilidhani huo ni umaskini wetu tu, na kwamba huko juu kwa wakubwa mambo yanaendeshwa kwa njia nyingine. Nilipoanza kusoma historia ya ligi yetu niliona mfumo ni uleule. Tofauti ni ukubwa wa mfuko, na mfuko wenyewe ni wa nani.

Klabu ya mpira inaweza kuingiza pesa kwa njia chache: viingilio, televisheni, mdhamini, zawadi za ushindi na kuuza wachezaji. Kwa klabu nyingi za Kenya hivyo vyote vikijumlishwa havitoshi mishahara. Kinachobaki ni mwenye timu. Ndiyo maana ukiyasoma majina ya mabingwa wetu ni kama unasoma orodha ya waajiri: kiwanda cha bia, jeshi, shamba la maua la Oserian kule Naivasha lililochukua ubingwa 2001 na 2002, kisha kiwanda cha sukari. Timu ni idara ya kampuni. Kampuni ikiwa na afya, mshambuliaji analipwa. Kampuni ikikohoa, mshambuliaji ndiye wa kwanza kulala njaa.

Na sukari ilikohoa kweli. Viwanda vya serikali vilizama kwenye madeni, mitambo ikazeeka, sukari ya bei nafuu ikaingia kutoka nje, wakulima wakakaa miezi wakisubiri malipo ya miwa yao. Sasa fikiria wewe ndiye meneja. Mlangoni kuna mkulima hajalipwa, kuna mfanyakazi hajalipwa, halafu anakuja kocha anataka pesa za hoteli. Nani ataambiwa asubiri? Kombe la 2006 halikuweza kumtetea kocha huyo, kwa sababu lilikuwa halijaacha kitu chochote kwenye akaunti. Lilikuwa furaha, na furaha hailipi dizeli.

Hapa ndipo watu wengi tunapokosea hesabu. Tunadhani ushindi huleta pesa. Ukweli ni kwamba ushindi huja kwanza na bili. Wachezaji wanataka nyongeza, na wana haki. Wanaokataliwa huchukuliwa na klabu zenye pesa zaidi. Halafu bingwa anapewa tiketi ya kucheza Afrika, na mwaka 2019 tiketi hiyo ilikuwa ya jina tu: ndege ulilipa mwenyewe.

Bandari ya Mombasa waliuonja utamu huo na uchungu wake ndani ya mwaka mmoja. Sisi wa Pwani 2019 tulitembea vifua mbele. Januari, Bandari waliwatoa Simba kwenye kombe la SportPesa pale Dar es Salaam, nyumbani kwao, kabla ya kufungwa 1-0 na Kariobangi Sharks kwenye fainali. Wakamaliza ligi wa pili, wakashinda Shield kwa kuwafunga Sharks haohao, wakaenda kombe la shirikisho la Afrika. Huko waliwatoa Al Ahly Shendi wa Sudan, wakawatoa Ben Guerdane wa Tunisia, wakasimama hatua moja tu kabla ya makundi. Horoya ya Guinea ikawafungia mlango.

Mlango huo ulikuwa na bei. Wakati ule CAF ililipa kuanzia hatua ya makundi, na hata timu iliyoshika mkia wa kundi ilipata dola 275,000. Walioishia kabla ya hapo walirudi nyumbani na picha. Tena Mombasa haikuwa na uwanja unaokubalika na CAF, kwa hiyo mechi za nyumbani zilichezewa Kasarani. Shabiki wa Likoni alitakiwa kusafiri karibu kilomita 500 ili aone timu yake ikiwa "nyumbani". Viingilio gani vingepatikana hapo? Bandari hawakuanguka baada ya safari hiyo kwa sababu moja: nyuma yao kuna mamlaka ya bandari, na meli bado zinatia nanga Kilindini.

Kariobangi Sharks nao walikuwa na hadithi tamu zaidi. Kwa kuchukua lile kombe la Dar walipata dola 30,000 na mechi na Everton. Tarehe 7 Julai 2019, Kasarani, timu ya mtaa wa Nairobi ikatoka 1-1 na klabu ya ligi kuu ya Uingereza na kuipiga kwa penalti. Watu waliimba mpaka sauti zikakauka. Lakini siku zile zile SportPesa walikuwa wanavutana na serikali kuhusu leseni na kodi, na kufika mwisho wa Septemba walifunga biashara yao Kenya. Pesa za ligi, za Gor, za Leopards na za Shield zikaondoka nao. SuperSport walikuwa wameshaondoka 2017, baada ya ugomvi wa kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. SoNy Sugar walifukuzwa wiki chache baada ya SportPesa kufunga. Msiba wao ulianzia kiwandani, ila mlango wa pembeni ambao ungewapa hewa kidogo nao ulikuwa umefungwa.

Watu wa delta tungeweza kuwa ndani ya hadithi hii. Mwaka 2008 Mumias Sugar pamoja na mamlaka ya TARDA walikuja na mpango wa shamba la miwa na kiwanda hapa Tana Delta, hekta 20,000 hivi. Wafugaji na wakulima wengi walipinga, kesi ikaenda mahakamani, kiwanda hakikujengwa. Bado utawasikia vijana wakisema tulikosa ajira, tulikosa barabara. Na timu pia, bila shaka, maana kiwanda cha sukari bila timu ya mpira ni nadra nchini humu. Labda tungekuwa na bingwa wetu Garsen. Lakini Septemba 2019, mwezi uleule SportPesa walipofunga, Mumias yenyewe iliwekwa chini ya mrasimu kwa deni la benki. Bingwa wetu angekufa pamoja na tajiri wake.

Kuna watakaosema hata Ulaya ni vivyo hivyo. Si vivyo hivyo kabisa. Leicester City walipochukua ubingwa wa Uingereza 2016, wakati wacheza kamari walikuwa wamepewa nafasi moja kwa 5,000, ligi iliwalipa takriban pauni milioni 93. Kule kombe lina hundi nyuma yake. Hata hivyo walilipa mishahara kupita mapato na 2023 wakashuka daraja. Kama mwenye hundi anaweza kuanguka, asiye nayo atasimamia nini?

Sisemi kampuni ziache kuwa na timu. Bila hizo tungekuwa na ligi ya watu wanne. Ila kampuni inapopewa makofi siku ya kombe, mtu aulize maswali mawili. Mkataba wa mchezaji una jina la nani, klabu au idara? Na zile pesa chache zinazoingia kwa ushindi zinawekwa wapi, kwenye akaunti ya timu au zinamezwa na kapu la kampuni? Awendo hawakuulizwa hayo mwaka 2006, walikuwa wanacheza ngoma. Timu ya kijijini kwetu inajua kitu kimoja ambacho mabingwa wengi hawakijui: mchango ukikusanywa, kuna daftari, na yeyote aliyetoa shilingi hamsini anaruhusiwa kulifungua.