Siku ya Kumi na Nane ya Aprili

Kila siku ya mwaka ina mzigo wake wa kumbukumbu, na mwenye kupenda vitabu vya tarehe hakosi kuuona. Afungue ukurasa wa tarehe 18 Aprili, atakuta mambo matatu ya historia ya Kikristo yametungwa pamoja kama shanga katika uzi mmoja. Mwaka 1506 Papa Julius II aliweka jiwe la msingi la Kanisa jipya la Mtakatifu Petro katika Roma. Mwaka 1521 Martin Luther alisimama mbele ya Kaisari Karl V katika mji wa Worms, akakataa kuyakana maandiko yake. Mwaka 1874 David Livingstone alizikwa ndani ya Westminster Abbey, London. Wako wasomao mambo kama haya wakastaajabu, wakasema mkono wa Mungu umejionyesha. Insha hii yataka kuuliza kama kustaajabu huko kuna haki. Na kama hakuna, tarehe hizi zatufaa nini.

Kwanza yapasa kukiri kwamba Ukristo haukuweza kamwe kuacha kuhesabu siku. Waisraeli waliamriwa kuishika Pasaka kwa mwezi na kwa tarehe, na kitabu cha Esta chaeleza jinsi Purimu ilivyowekwa ili wokovu wa siku mbili usisahauliwe. Wakristo wa Smirna, walipouandika mwisho wa askofu wao Polikarpo katika karne ya pili, walinuia kukusanyika kila mwaka katika siku aliyouawa, nao waliiita siku yake ya kuzaliwa. Hapa kuna fikra ngeni kwa ulimwengu: wafalme husherehekea siku walipotoka matumboni mwa mama zao, Kanisa lasherehekea siku watu wake walipotoka duniani. Hata hivyo, tangu mwanzo palikuwa na sauti ya pili. Mtume Paulo aliwaogopea Wagalatia kwa sababu walikuwa wakishika siku na miezi na miaka. Na kwa Warumi aliandika kwa upole zaidi, kwamba mmoja aweza kuipenda siku moja kuliko nyingine na mwenziwe akaziona zote sawa, ili mradi kila mtu awe na hakika katika nia yake. Sauti hii ya pili ndiyo waliyoishika wabunge wa Kipuriti wa Uingereza mwaka 1647, walipoipiga marufuku hata Krismasi.

Mimi nasimama karibu na yule Paulo wa Warumi. Ila yule atafutaye ishara katika tarehe nina neno naye, na neno lenyewe ni la hesabu kabla ya kuwa la imani.

Siku iliyoitwa 18 Aprili katika mwaka 1506 na 1521 ilihesabiwa kwa kalenda ya Julius Kaisari. Kalenda hiyo ilikuwa imechelewa siku kumi nyuma ya jua, hata Papa Gregorius XIII akaitengeneza mwaka 1582, na katika nchi zilizomfuata watu walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Kwa hesabu tunayoitumia leo, jiwe la Roma liliwekwa tarehe 28 Aprili, na Luther alijibu tarehe 28 Aprili. Livingstone peke yake ndiye aliyezikwa tarehe 18. Basi uzi wetu wa shanga umekatika. Watu wa pwani yetu hawangeshangaa sana kusikia haya, kwani Nairuzi yao, yenye siku 365 bila ya siku ya nyongeza, hurudi nyuma polepole katika majira, na mwezi wa Ramadhani huzunguka mwaka mzima. Wao wajua zamani kwamba kalenda ni chombo cha watu.

Tena mtafuta ishara huchagua. Tarehe hiyo hiyo mwaka 1906 tetemeko na moto viliuangamiza mji wa San Francisco, na mwaka 1955 wajumbe wa Asia na Afrika waliufungua mkutano wa Bandung. Mwaka 1980 Zimbabwe ilipata uhuru wake, na rais wake wa kwanza, Canaan Banana, alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Aliyeona mkono wa Mungu katika yale matatu na atuambie anaona nini katika haya. Akinyamaza, tumejua kwamba alikuwa akisoma moyo wake mwenyewe.

Afadhali tuulize kwa nini kila jambo liliangukia siku lililoangukia. Ndipo tarehe huanza kusema. Siku ya Roma ilitoka katika mwezi wa mbinguni: ilikuwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, na Pasaka hufuata mwezi mpevu. Papa aliweka jiwe chini ya nguzo moja kati ya nne ambazo msanifu Bramante alizikusudia kubeba kuba. Kanisa la kale la Kaisari Konstantino, lililodumu zaidi ya miaka elfu moja juu ya mahali panapoaminiwa kuwa kaburi la Petro, lilianza kubomolewa. Lile jipya halikuwekwa wakfu hata tarehe 18 Novemba 1626, miaka 120 baadaye. Jengo la namna hiyo lala fedha kama moto ulavyo nyasi, na fedha hizo ndizo ziunganishazo Roma na Worms kwa uzi wa kweli.

Mwaka 1515 Papa Leo X alitoa rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi, kwa wale watakaotoa sadaka kwa ajili ya ujenzi wa Mtakatifu Petro, nazo zihubiriwe katika majimbo ya Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz. Albrecht alikuwa kijana mwenye vyeo vingi na deni kubwa. Alikuwa amekopa kwa nyumba ya biashara ya Fugger ya Augsburg ili kulipia cheo chake katika Roma. Ikapatanwa kwamba nusu ya mapato iende kwenye jengo, na nusu ilipe deni. Mkulima wa Ujerumani aliyetia sarafu yake katika sanduku akimkumbuka marehemu mamaye hakuambiwa habari ya nusu hiyo ya pili. Mhubiri Tetzel alipofika karibu na Wittenberg, Luther aliandika hoja zake 95 za mwaka 1517, na katika ile ya 86 aliuliza kwa nini Papa, mwenye utajiri mwingi, hajengi kanisa hilo kwa mali yake mwenyewe badala ya mali ya waumini maskini. Swali la 1506 lilikuwa limepata mwulizaji, na mwulizaji huyo ndiye aliyeitwa Worms.

Wengi wasiofungua vitabu hawajui kwamba siku ya Worms ilipasa kuwa tarehe 17. Siku hiyo Luther aliletwa mbele ya baraza la wakuu wa Dola, akaonyeshwa vitabu vyake, akaulizwa mambo mawili: je, ni vyako, na je, utayakana yaliyomo? La kwanza alilikubali. La pili aliliombea muda wa kufikiri. Alikuwa mtu wa miaka 37, mtawa wa kijijini mbele ya Kaisari wa miaka 21. Alipewa siku moja. Kesho yake jioni, katika ukumbi uliojaa watu, alijibu kwa Kijerumani na kwa Kilatini kwamba dhamiri yake imefungwa na neno la Mungu, na kwamba hawezi kukana asipoonyeshwa kosa kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi. Maneno yale mafupi ya kusimama hapa, ambayo kila mwanafunzi huyajua, hayamo katika taarifa zilizoandikwa ukumbini. Yaliongezwa katika chapa ya Wittenberg. Sioni hasara. Kwangu mimi, lililo kubwa katika siku hiyo ni ule usiku ulioitangulia. Kanisa la Kilutheri lakumbuka ushujaa. Tarehe yenyewe yakumbuka kusita. Kama mtu huyu hangeomba muda, siku ya Worms isingekuwa 18 Aprili.

Siku ya London ilitoka katika meli. Meli Malwa ilifika Southampton tarehe 15 Aprili 1874 na mwili wa Livingstone. Daktari Sir William Fergusson aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto ambao simba aliuvunja mwaka 1844. Na Jumamosi ikafanywa maziko. Lakini kabla ya meli palikuwa na miguu. Livingstone alifia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Wenzake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi na kuukausha juani, wakaufunga kwa kitambaa na gome, wakauchukua zaidi ya maili 1,000 mpaka Bagamoyo, ambako ulipokewa Februari 1874 katika misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu. Njiani, katika Unyanyembe, Luteni Cameron aliwashauri wauzike huko, wao walikataa. Hao walikuwa watu huru waliotoka katika biashara ya watumwa na katika misafara, Waislamu na Wakristo pamoja, na uamuzi ulikuwa wao.

Chuma, Myao aliyeokolewa katika mikono ya wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861, na Susi, mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, ndio waliouongoza msafara huo. Katika Unguja watu wake walilipwa mishahara yao wakaachwa. Aliyefika London kwa siku ya maziko ni mmoja, Jacob Wainwright, Myao aliyefundishwa katika shule ya misheni karibu na Bombay. Naye alikuwa miongoni mwa wanane walioshika jeneza, pamoja na Stanley na Kirk. Chuma na Susi waliletwa Uingereza baadaye mwaka huo huo, kaburi limekwisha kufunikwa, ili wamsaidie Horace Waller kuzitengeneza kwa chapa shajara za mwisho za bwana wao. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alibatizwa huko mwaka 1886, akachagua jina la David, akafariki mwaka 1891.

Hapa ndipo naona haki na dhuluma ya kumbukumbu zikikaa katika nyumba moja. Kanisa la kwanza lilipoandika siku za mashahidi wake, liliandika majina ya watumwa kando ya maaskofu: Blandina, kijakazi wa Lyon, yumo, Felista, mtumwa aliyeuawa pamoja na bibi Perpetua katika Karthago, yumo. Karne kumi na saba baadaye, Kanisa lile lile lilikuwa na mashahidi wa kitendo kikubwa cha uaminifu, na liliwajua kwa majina. Waller aliwahoji ana kwa ana. Jiwe lililowekwa sakafuni mwa Westminster lasema kwamba mwili uliletwa na mikono mwaminifu, kupita nchi kavu na bahari. Ni maneno mazuri, tena ni ya kweli. Mikono ya nani, jiwe halisemi.

Lakini jiwe hilo si maandishi ya kwanza ya msiba huo. Jiwe lasema alifariki tarehe 1 Mei 1873. Kule Chitambo, kabla ya safari, Jacob Wainwright alikuwa amechonga katika gamba la mti jina la Livingstone na tarehe 4 Mei, na wanachuoni wangali wakibishana juu ya siku hizo tatu. Maana maandishi ya mwisho ya marehemu mwenyewe ni ya tarehe 27 Aprili. Mwaka 1899 mti ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London, kwa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Chini ya tarehe ile mchongaji alikuwa ameongeza majina mengine matatu, ya wenzake waliosimama pale: Yazuza, Mniasere na Uchopere.