Bamba, Mkanda na Bawa

Kikiwa kimetundikwa ukutani, kifaa hiki hakionekani kuwa na historia yoyote. Ni bamba la chuma kisichoshika kutu, lililokunjwa katikati ili likae sawa na uti wa mgongo. Kwenye matundu yake umepitishwa mkanda mmoja wa nailoni wenye upana wa sentimita 5, hauna kiungo wala mto wa bega. Nyuma ya bamba kuna mfuko wa hewa wenye umbo la kiatu cha farasi, ambao wapiga mbizi huuita bawa. Nyuma ya bawa hufungwa mtungi. Basi, ndiyo hayo tu.

Aliyezoea jaketi za kuzamia, zenye zipu na mifuko kila upande, atadhani kwamba fundi aliishia njiani. Kumbe uchache huo ndio kazi yenyewe. Kila kisichokuwapo kwenye bamba hili kiliondolewa na mtu aliyekuwa na sababu, na mara nyingi sababu hiyo ilihusu kifo.

Tuanze na tatizo. Mwaka 1943, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza nchini Ufaransa kifaa kilichompa mpiga mbizi hewa kila anapovuta pumzi. Suala la kupumua likapata jawabu, la kuelea likabaki. Ukishuka mita 10 tu, shinikizo linakuwa maradufu ya lile la juu ya maji. Hewa iliyonaswa ndani ya suti ya mpira inabanwa, nawe unazidi kuwa mzito kadiri unavyoshuka. Wapiga mbizi wa mwanzo walipambana na uzito huo kwa nguvu za miguu na kwa kupima vizuri risasi za kiunoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mfaransa Maurice Fenzy alileta boya la kuvaa shingoni, mfano wa kola ya farasi. Boya lile lilifaa kumtoa mtu majini akiwa ameinua uso. Lakini kwa anayetaka kuogelea akiwa amelala kifudifudi lilikuwa karaha: linainua kifua, miguu inashuka.

Baharini, miguu ikishuka unachoka tu. Ndani ya pango, inaweza kukuua. Kaskazini mwa Florida, nchini Marekani, ardhi ni mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji kwa maelfu ya miaka, na chini yake kuna njia ndefu zilizojaa maji maangavu. Sakafu ya njia hizo imefunikwa na tope laini kama unga. Pezi likiigusa, uangavu wa makumi ya mita unapotea kwa sekunde chache. Na juu ya kichwa hakuna anga, kuna mwamba.

Vijana wengi waliingia humo katika miaka ya 1960 na 1970, na wengi hawakutoka. Mmoja wa waliokataa kuviona vifo hivyo kuwa mkosi tu alikuwa Sheck Exley, mwalimu wa hisabati. Alizichambua ajali moja baada ya nyingine, na mwaka 1979 akachapisha kitabu kidogo kilichozigeuza kuwa masomo. Sababu zilikuwa zikijirudia: marehemu hakuwa na kamba ya mwongozo iliyofika hadi nje, hakuweka akiba ya hewa, alikwenda chini kupita kiasi. Hapo ndipo kanuni ya theluthi ilipopata nguvu: theluthi moja ya hewa ya kuingia, moja ya kutoka, na moja ya mwenzako akipatwa na shida. Exley mwenyewe alifia katika shimo la Zacatón, Mexico, tarehe 6 Aprili 1994. Kuijua hatari hakukumpa kinga, lakini hesabu zake zimewatoa wengine wakiwa hai.

Bawa lilitokana na mazingira hayohayo. Kwa kawaida anayetajwa kulibuni ni Greg Flanagan, mwaka 1979, kwa ajili ya wazamiaji wa mapango ya Florida. Kisha William Hogarth Main akaliendeleza. Wazo lilikuwa jepesi: hewa ya kuelea iondolewe shingoni na kifuani, iwekwe mgongoni, kandokando ya mitungi, pale uzito ulipo. Kifua kinabaki huru, mwili unalala sambamba na sakafu, na mapezi yanabaki juu ya tope. Main alisifika kwa tabia ya kupunguza. Kila kifaa alikiuliza kina kazi gani, na kilichokosa jibu kilibaki nyumbani. Mtindo huo ukaitwa kwa jina lake la kati, na hadi leo wapo wanaojiita wafuasi wa Hogarth bila kumjua mwenye jina. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Dive Rite, ya hukohuko Florida, ikaanza kuviuza vitu ambavyo watu walikuwa wakijitengenezea.

Ukivifunga vipande hivi mwenyewe, unaisoma historia hii kwa mikono. Mkanda hauna kiungo begani kwa sababu kila kiungo ni mahali pa kukatikia. Pete ya chuma kwenye nyonga ya kushoto hubeba kipima hewa, ili kisining'inie na kukwaruza tope. Pete mbili za kifuani hukaa pale ambapo dole gumba hufika bila kutafuta. Mkanda wa katikati ya miguu huzuia bamba lisipande hadi kisogoni. Bizimu ni moja tu, ya kiunoni. Hata ukubwa wa bawa una hesabu yake. Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojaa hubeba hewa ya uzito wa zaidi ya kilo 2. Bawa linapaswa kuubeba uzito huo pamoja na kile ambacho suti imepoteza kwa kubanwa, na si zaidi sana. Bawa kubwa kupita mahitaji hukunjamana, hunasa hewa pembeni na kukuyumbisha.

Lakini historia ya kifaa haiishi pale kinapofanya kazi vizuri. Katika miaka ya 1990, kikundi kilichokuwa kikichora ramani ya mapango ya Woodville, karibu na Tallahassee, kiliugeuza mtindo wa Main kuwa sharti. Wote wavae sawasawa. Sababu yake ilikuwa nzito: gizani, mkono wako unapaswa kukuta kwenye mwili wa mwenzako kilekile kilichopo kwenye wako. Mafanikio yalionekana. Desemba 2007, Jarrod Jablonski na Casey McKinlay waliingia katika shimo la Turner na kutokea kwenye chemchemi ya Wakulla, umbali wa karibu kilomita 11, sehemu kubwa ikiwa kwenye kina cha mita 90 hivi.

Hata hivyo kitu fulani kilipotea njiani. Main aliuliza swali, na warithi wake wakalikariri jibu. Watu wakaanza kudharauliana kwa sababu ya bizimu. Mwenye bega bovu, ambaye mkanda usio na kiungo humtesa kila anapouvua, aliambiwa kwamba kosa ni lake, wala si la mkanda. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya pango la kina cha mita 90 ikapelekwa kwenye miamba ya matumbawe ya mita 12, ambako mtu akipata shida hutazama juu akaona jua.

Mimi nalitumia bamba hili katika bahari yetu, kwa kuhesabu matumbawe kwenye mradi wa kikundi chetu cha wanafunzi. Lilinifikia likiwa mtumba, na sababu ya kulipenda haina uhusiano na mapango. Linatengenezeka. Jaketi ikichanika mshono, mara nyingi huishia jalalani, kwa kuwa kipuri chake kiko ng'ambo. Mkanda wa bamba ukilika penye pete, nanunua mita chache za nailoni, nachoma ncha kwa kiberiti na kupitisha upya. Baada ya kila mbizi, bawa huoshwa kwa maji baridi nje na ndani, kwa maana chumvi ikikauka ndani hugeuka punje zinazokwaruza mpira. Natia maji, natikisa, nayatoa kupitia vali ya chini, kisha nalijaza hewa na kuliacha usiku kucha. Asubuhi likiwa limelegea, najua kuna tundu. Vali inayomwaga hewa na kitufe cha kujazia nakagua kila mara, kwa sababu kitufe kinachokwama humpandisha mtu juu kwa kasi ambayo mapafu hayaistahimili.

Tumezoea kusoma historia ya teknolojia kama orodha ya maabara na hataza. Bamba na bawa havikutoka huko. Vilitoka kwa watumiaji: watu waliozamia Jumamosi, wakafanya marekebisho Jumapili, na mara nyingine wakamzika rafiki katikati ya wiki. Kazi yao tunaiheshimu zaidi tukiendelea kuuliza kama wao: pete hii, hapa, katika maji haya, ina kazi gani?