Tembe la Kwihara na Yale Yasiyojengwa Upya

Mgeni akifika Tabora akauliza kuna nini cha kuona, jibu huja haraka: nenda Kwihara, kwa Livingstone. Akidodosa zaidi ataelekezwa kwenye stesheni ya reli iliyojengwa na Wajerumani, boma lao lililo juu ya kilima, hoteli kongwe ya enzi zao, na Shule ya Wavulana alikosoma Julius Nyerere. Orodha hiyo ni ya kweli na kila kilichomo kinastahili safari. Kasoro yake ni kwamba karibu yote ni majengo ya watu waliokuwa wakipita au waliokuja kutawala. Waliouweka mji huu kwenye ramani, yaani wapagazi, watemi, wakulima waliolisha misafara na watumwa waliolimishwa mashamba ya matajiri, hawana hata mlango mmoja wa kubishwa hodi. Sababu inayotolewa ni kwamba Wajerumani walijenga kwa mawe, Wanyamwezi kwa udongo, na mvua ikafanya kazi yake. Hoja hiyo inaingia akilini upesi, lakini haisimami, na ushahidi wa kuiangusha uko Kwihara kwenyewe.

Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo na paa bapa. Magogo hulazwa juu ya kuta, fito zikapangwa juu ya magogo, kisha udongo ukashindiliwa juu yake mpaka ukawa dari na paa kwa pamoja. Ndani hubaki baridi hata kiangazi kikali cha Unyanyembe, yaani utemi wa Wanyamwezi ulipo mji wa Tabora. Adui zake ni wawili, mchwa na masika, na yeyote aliyeishi ndani yake alijua kwamba asipoikandika upya kila mwaka haitamchukua muda kuwa kichuguu. Tembe walimokaa Stanley na Livingstone lilikuwa la aina hiyo. Walifika pamoja Februari 1872, wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka katikati ya Machi kurudi pwani, na Livingstone akabaki humo akisubiri wapagazi hadi Agosti. Baadaye nyumba iliporomoka, kama matembe yote yanavyoporomoka yakiachwa. Kinachoonekana leo kilijengwa upya mwaka 1957, miaka minne kabla ya uhuru, serikali ya kikoloni ilipotaka mahali pa kumkumbuka mmisionari wake. Kwa hiyo jengo maarufu kuliko yote Tabora ni la udongo, lilianguka, na lipo kwa sababu kuna aliyeamua liwepo. Mvua haikumpendelea Livingstone.

Ukilikubali hilo, swali linageuka: nani mwingine angeweza kujengewa? Wa kwanza kuja akilini ni Mtemi Isike wa Unyanyembe. Ngome yake ilikuwa karibu mno na ulipo mji wa leo, na Wajerumani waliishambulia zaidi ya mara moja mwaka 1892 bila kuivunja. Januari 1893 ofisa Tom von Prince alipofanikiwa kuingia, Isike aliwasha ghala la baruti akiwa ndani na familia yake, asikamatwe. Baada ya hapo ndipo utawala wa Kijerumani ulipoota mizizi, na boma lililopo kilimani ni tunda la ushindi huo. Ajabu ni kwamba boma la mshindi linaonekana kutoka mbali, ilhali mgeni anaweza kumaliza wiki nzima mjini asisikie jina la aliyeshindwa. Mirambo wa Urambo amebahatika kidogo, kwa kuwa vitabu vya shule vinamtaja. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, na Waarabu wa Tabora walipokwenda kumpiga, Stanley akiwa upande wao, walirudi wamekimbizwa. Alitawala hadi alipofariki mwaka 1884. Naye pia husomwa zaidi kuliko anavyotembelewa.

Lakini kama ningelazimishwa kuchagua mmoja tu wa kujengewa, nisingemchagua mtemi. Ningemchagua mpagazi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikakata nyika, na kwa miongo mingi karibu kila kilichopita humo kilipita kichwani au begani mwa mtu, kwa kuwa mbung'o hawakuwaruhusu punda na ng'ombe kuifanya kazi hiyo kwa uhakika. Mzigo wa kawaida ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu na silaha. Kushuka pwani alibeba pembe. Kupanda bara alibeba merikani, kaniki, ushanga na waya. Mbele alitangulia kirangozi, na nyuma mara nyingi walifuata wake za wapagazi na vijana wanaojifunza kazi. Wanyamwezi waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurejea kabla ya msimu wa kulima, na kijana aliyekuwa bado hajaiona bahari hakuhesabiwa mwanamume kamili. Mwishoni mwa karne ya 19 walipita njia hiyo makumi ya maelfu kila mwaka. Walipatana ujira, walidai posho, na wakidhulumiwa waliweka mizigo chini au walitoroka. Wazungu waliandika malalamiko yao kuhusu tabia hiyo kurasa kwa kurasa, bila kutambua kwamba walikuwa wakieleza wafanyakazi wanaojua thamani yao.

Tukio moja linaonyesha vizuri zaidi uzito wa watu hao, nalo lilitokea hapa hapa Unyanyembe. Oktoba 1873 kundi lililobeba maiti ya Livingstone lilifika likitokea kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia Mei mwaka huo. Miongoni mwao walikuwamo Susi na Chuma, waliomtumikia kwa miaka, pamoja na Jacob Wainwright, mmoja wa wale ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani. Walimkuta ofisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa safarini kwenda kumsaidia Livingstone. Cameron aliona heri azikwe hapo. Wakakataa, wakaendelea na mzigo wao hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kama Livingstone amelala Westminster, London, ni kwa sababu wapagazi walimkatalia ofisa wa Malkia. Hilo lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko habari ya nani alilala chumba gani.

Wapo watakaosema kwamba kujenga leo ngome ya Isike au kambi ya wapagazi ni kutengeneza historia ya bandia. Ingekuwa hoja nzito kama Kwihara yenyewe isingekuwa ya 1957. Tena, kwa majengo ya udongo na nyasi, kufanya upya ndiko kuhifadhi. Makaburi ya Kasubi kule Kampala yaliungua Machi 2010, yakajengwa tena na watu wa koo zenye kazi hiyo, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Msikiti mkuu wa Djenné, Mali, hupigwa udongo upya kila mwaka na mji mzima. Cha lazima ni kumwambia mgeni wazi: hiki kimejengwa lini, na nani, kwa kufuata ushahidi upi. Pasipo ushahidi wa kutosha, kibao cha maneno mazuri kinatosha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watemi na matajiri wa Unyanyembe walimiliki watumwa na kufanya biashara ya watu, na Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha biashara hiyo. Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alikuwa na jamaa hapa. Baba yake alioa binti wa Mtemi Fundikira. Je, tuwajengee hao? Nakubali kwamba hadithi ya mashujaa watupu ingekuwa uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Hata hivyo, tembe la Kwihara nalo lilikuwa ndani ya makazi ya wafanyabiashara hao hao, na mgeni wake maarufu, adui wa utumwa, aliishi kwa msaada wao. Kama nyumba hiyo inaweza kubeba utata huo, hata mahali pa Isike panaweza. Hatari kubwa iko upande mwingine: kumwona kila aliyebeba mzigo kuwa ni mtumwa. Walikuwapo watumwa waliobebeshwa pembe, na walikuwapo maelfu waliojikodisha kwa hiari. Kuwachanganya ni kuwanyang'anya hawa wa pili kazi yao, na wale wa kwanza mateso yao.

Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 iliimaliza kazi ya upagazi katika njia hii kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana stesheni, yenye uzuri wake, ingepaswa kuwa kituo cha mwisho cha matembezi, si cha kwanza. Mgeni angeanzia mitaa ya zamani, Ng'ambo, Gongoni na Kanyenye, chini ya miembe inayosemekana ilienezwa na misafara, aende alipoanguka Isike, afike Kwihara akiwa tayari anajua nani alimleta Livingstone na nani alimwondoa. Halmashauri ya Manispaa haihitaji fedha za kigeni kwa hilo. Inahitaji vibao vichache na waongozaji waliosoma. Kwihara tayari imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia tangu 2006, kama kituo kimoja cha njia ya kati ya watumwa na pembe. Waongezeeni wapagazi katika maelezo yake.