Uraia na haki ya kuwania ubunge mpakani Busia

Mpaka wa Kenya na Uganda uliwagawa Wasamia na Wateso, hivyo swali la uraia wa mgombea si geni Busia wala Malaba. Moody Awori, mbunge wa Funyula, aliteuliwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 2003. Mdogo wake Aggrey alikuwa amewania urais wa Uganda mwaka 2001.

Kifungu cha 99 cha Katiba ya 2010 kinamzuia kuwania ubunge mtu ambaye hajawa raia wa Kenya kwa angalau miaka 10 inayotangulia siku ya uchaguzi. Uraia pacha ni jambo jingine, ingawa mawili haya ni rahisi kuchanganywa: Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 yamtaka mshindi aukane uraia wa pili kabla ya kushika wadhifa, wala haimwondoi kwenye karatasi ya kura.

Pingamizi huanzia kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), ndipo Mahakama Kuu. Mlalamishi asingoje matokeo. Katika kesi ya ugavana wa Wajir, Februari 2019, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mizozo ya uteuzi itatuliwe kabla ya kura, isipokuwa pale mlalamishi hakuyajua mambo hayo mapema.