MTO PANGANI NA UMEME WAKE

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike juu ya jambo lolote la historia ya kwetu, nami nimechagua Maporomoko ya Pangani, yaani ule umeme uliowasha taa za Tanga tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Sababu yake ni kwamba hapa Maskati, kila Pangani inapotajwa barazani, hazikosi kusikika kauli mbili. Mmoja husema, "Mto umekwisha, mitambo imeunywa." Mwingine humjibu, "Wapi! Umeme unakatika kwa kuwa watu wa juu wanaiba maji." Wote wawili ni ndugu zangu na nawaheshimu, lakini jambo lenyewe halikukaa hivyo.

Kwanza tuutazame mto. Pangani hupata maji yake mengi katika milima miwili, Kilimanjaro na Meru. Mto Kikuletwa na Mto Ruvu hukutana mahali panapoitwa Nyumba ya Mungu, kusini ya Moshi, na kutoka hapo mto hupita nchi kavu na vinamasi, ukafika Korogwe, ukapokea maji ya Mkomazi na Luengera, kisha Hale. Baada ya Hale nchi inashuka ghafula, na maji yanaporomoka kuelekea bahari ya Pangani mjini. Huko kuporomoka ndiko kulikowavuta mainjinia.

Vijana wetu mliozaliwa huku hudhani kila umeme wa maji una bwawa kubwa kama ziwa. Si hivyo. Uko umeme wa namna ya pili, unaotumia mto unavyopita. Hujengwa banio kuuziba mto kidogo, maji yakageuzwa kuingia mferejini au katika handaki. Mbele yake huwekwa wavu wa vyuma wa kuzuia magogo na majani. Kisha maji huteremshwa kwa bomba nene hadi chini kwenye gurudumu la chuma lenye mabawa, ambalo mafundi huliita tabaini. Tabaini huzungusha jenereta, na maji yakishafanya kazi hiyo hurudishwa mtoni pale chini. Hayakuchemshwa wala hayakunywewa. Tani iliyoingia juu ndiyo tani inayotoka chini.

Hesabu yake ni nyepesi, na nilizoea kuwapa wanafunzi wangu ubaoni. Mita moja ya ujazo ya maji, ambayo ni tani moja, ikianguka mita 100 kila sekunde, hutoa kiasi cha megawati 0.9, ukishatoa kinachopotea njiani. Mitambo mipya ya Pangani ilipigiwa hesabu ya mita za ujazo 45 kwa sekunde, na maji huteremka kama mita 170. Basi zidisha 45 kwa 1.7, kisha kwa 0.9. Utapata karibu 69, na mitambo yenyewe imeandikwa megawati 68. Sasa badala ya 45 weka 20. Jibu linakuwa 30 na kidogo, yaani mtambo mmoja kati ya miwili unalala. Mlima haukupungua hata shubiri, ila maji hayakuja. Na kwa kuwa pale hapana ziwa la akiba, isipokuwa kidimbwi cha kutosha masaa machache, maji yasiyokuja leo hayawezi kukopwa kesho.

Nikirejea katika historia: umeme wa kwanza Tanganyika uliwekwa na Wajarumani Dar es Salaam mwaka 1908, kwa karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wao. Mwingereza alipotawala, kazi ilikuwa mikononi mwa idara ya serikali tangu 1920, na mwaka 1931 ikagawiwa kampuni mbili za watu binafsi. DARESCO ilichukua Dar es Salaam na miji ya reli ya kati. TANESCO ikapewa upande wa Tanga, na shabaha yake ilikuwa maporomoko haya. Mitambo ya kwanza ilianza kazi katika miaka ya 1930. Tanga wakati ule ilikuwa nchi ya mkonge, zao lililoletwa mwaka 1893 na Dakta Hindorf kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mashine za kukwangua katani zilihitaji nguvu kubwa na ya rahisi. Kwa hiyo tusidanganyane: mtambo haukujengwa ili bibi yangu apate taa ya kusomea Kurani. Ulijengwa kwa ajili ya mashamba ya Wazungu, na sisi tukapata kilichobaki. Hata hivyo kituo kile kikaongezwa mpaka kufika megawati 17.5, nacho kikadumu miaka karibu 60.

Hale ikafuata mwaka 1964, mitambo miwili yenye jumla ya megawati 21, na umeme ukavutwa hadi Dar es Salaam. Mwaka ule ule serikali ilianza kununua hisa za kampuni hizo mbili, na kufika 1975 zote zikawa mali ya taifa. Bwawa la Nyumba ya Mungu nalo lilijengwa katika miaka ya 1960, likawekwa mtambo mdogo wa megawati 8. Kazi yake kubwa ni kuyashika maji ya masika na kuyaachia polepole kwa Hale na Pangani. Kwa hiyo mtu akisema Pangani haina akiba asemavyo ni kweli, lakini akiba yake iko mbali sana juu, chini ya mikono ya watu wengine.

Sasa nafika penye ugomvi. Katika miaka ya 1990 Norwe, Uswidi na Ufini walisaidia kujenga Pangani mpya, iliyokamilika 1995, na ile ya zamani ikapumzishwa. Mwaka 1991 ilikuwa imeundwa ofisi ya maji ya bonde la Pangani, kugawa haki za maji na kutoza ada. Hapo mkulima wa Kilimanjaro, ambaye mababu zake walichimba mifereji mlimani kabla hajafika Mzungu yeyote, akaambiwa achukue kibali cha kumwagilia migomba yake. Huku chini mafundi wanaungoja mto uliopigiwa hesabu ya 45, nao mara nyingi unaleta chini ya hapo. Watu wameongezeka, mashamba ya mpunga, mboga na miwa yameongezeka, miji ya Moshi na Arusha imekua. Kumwita mkulima yule mwizi ni dhuluma. Mfereji una umri kuushinda mtambo. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kuyahesabu maji kana kwamba hayana mwenyewe.

Sisi tunaoishi Omani hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Falaji hugawiwa kwa zamu ya saa, kila mwenye bustani na athari zake, na athari moja ni kama nusu saa. Yuko wakili wa kusimamia, na maji ya kunywa hutangulizwa mwanzo wa mfereji, hayauzwi. Mgao ule umedumu karne nyingi. Pangani ina urefu wa kiasi cha kilomita 500, na watu wake hawajuani kama wanavyojuana watu wa kijiji kimoja, lakini sioni kwa nini isiwezekane kukaa kitako pamoja.

Nao watu wa Pangani mjini, je? Wao wako mwisho kabisa. Mto ukipungua nguvu, bahari hupanda mtoni, chumvi ikaingia katika mashamba ya kando na katika visima. Hili ni kweli, na wazee wetu hawakulitunga. Lakini, mzee wangu wa barazani, mitambo haikuyanywa maji hayo. Yanayopungua hupungua juu, kabla ya kufika Hale, na mtambo wenyewe unaumwa na njaa hiyo hiyo.

Ndugu zetu wa Visiwani nao wamo. Unguja ilipata waya wa chini ya bahari kutoka bara mwaka 1980. Kiza kile cha miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kilitokana na hitilafu ya umeme wa njia hiyo, si ukame wa mto. Pemba, iliyokuwa ikitegemea mashine za dizeli za Wesha, iliungwa na Tanga mwaka 2010. Kwa kuwa umeme wa bara karibu wote huchanganyika katika gridi moja, pamoja na ule wa Rufiji ulioanza mwaka 2024, hapana awezaye kupambanua taa ya Chake Chake inawaka kwa maji ya mto gani. Lakini kituo cha maji kilicho karibu nayo kuliko vyote ni Pangani.