Maradhi ya Parkinson: Kwa nini muuguzi na mlezi wanahitaji darasa

MTU anapoanza kuburuta mguu mmoja, mkono wake ukaacha kupunga anapotembea na sauti ikashuka hadi kuwa mnong'ono, jamaa zake aghalabu husema ni uzee. Mkono huo ukianza kutetemeka, majirani hudai kwamba amerogwa au amezidisha pombe. Kwenye steji ya matatu, kondakta humhimiza apande upesi, asijue kuwa miguu ya abiria huyo imekataa kuitikia amri ya ubongo.

Hayo ndiyo maisha ya wengi wanaougua Parkinson, maradhi yanayojulikana zaidi katika kundi la magonjwa yanayovuruga mwendo wa viungo. Kundi hilo linajumuisha pia mtetemeko wa kurithi, distonia ambayo huifanya misuli ijikunje bila hiari, na maradhi ya Huntington. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na Parkinson, idadi iliyoongezeka maradufu katika kipindi cha miaka 25. Wengi wao wamepita umri wa miaka 60, ingawa wapo wanaoanza kuugua kabla ya 50.

Ulimwengu uliyaona maradhi hayo waziwazi mwaka 1996 mjini Atlanta, wakati bondia Muhammad Ali, aliyetambuliwa kuwa nayo mwaka 1984, alipowasha mwenge wa Olimpiki kwa mkono uliotetemeka. Ali alikuwa na madaktari bingwa. Mgonjwa wa Turkana au Tana River ana binti yake, mke wake au kijakazi wa nyumbani, na labda muuguzi wa zahanati aliyesikia jina la ugonjwa huo mara moja tu chuoni.

Hapo ndipo suala la mafunzo linapoanza kuwa na uzito. Parkinson haina kipimo cha kawaida cha damu, wala picha ya eksirei haiwezi kuithibitisha. Huitambua mtu aliyefunzwa kutazama. James Parkinson, daktari wa London ambaye ugonjwa huu ulikuja kupewa jina lake, aliandika kijitabu chake mwaka 1817 akieleza wagonjwa sita tu, na baadhi yao aliwaona wakipita barabarani. Alichokuwa nacho ni macho na subira, na hadi leo kazi ya utambuzi huanza kwa vitu hivyo viwili.

Kinachotokea mwilini ni kwamba seli fulani zilizo ndani ya ubongo, zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, hufa polepole. Dalili zinapoanza kuonekana, sehemu kubwa ya seli hizo huwa tayari imetoweka. Tiba iliyopo haizirudishi. Huupa mwili kile ambacho seli hizo zimeshindwa kutoa.

Somo la kwanza kwa afisa wa kliniki ni kuutafuta wepesi uliopotea, wala si mtetemeko. Mgonjwa huombwa agonganishe kidole cha shahada na gumba mara nyingi kwa haraka. Mwenye Parkinson huanza vyema, kisha vidole hufunguka kidogo zaidi kila mara hadi vikasita. Huombwa pia aandike sentensi moja, na maandishi yake hupungua ukubwa yanapoelekea mwisho wa mstari. Halafu hutembea hatua kumi na kugeuka, huku mtazamaji akiangalia kama mikono yote miwili inapunga. Zoezi lote halichukui dakika tano, na vifaa vyake ni karatasi na kalamu.

Somo la pili ni kuwa si kila anayetetemeka ana Parkinson, wala si kila mwenye Parkinson hutetemeka. Mkono unaotetemeka ukiwa umetulia pajani, kisha ukanyamaza unaponyanyua kikombe, una habari tofauti na ule unaotulia pajani lakini ukamwaga chai. Mtu wa pili huenda ana mtetemeko wa kurithi, ambao dawa zake ni nyingine kabisa.

La tatu husahaulika sana, na madhara yake ni makubwa. Zipo dawa zinazoweza kumfanya mtu mzima akakamae na kutetemeka mithili ya mwenye Parkinson. Miongoni mwazo ni haloperidoli, inayotumiwa kutuliza wagonjwa wa akili, na metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambayo wengi huijua kwa jina Plasil. Mhudumu aliyefunzwa huuliza kwanza mgonjwa anameza nini. Aidha, hujua kwamba mwenye Parkinson akilazwa huku anatapika au amechanganyikiwa, dawa hizo mbili zinaweza kumlemaza zaidi katika muda mfupi.

Tiba kuu ni levodopa, ambayo huchanganywa na karbidopa au dawa nyingine ya kuisaidia ifike ubongoni. Imo katika orodha ya WHO ya dawa za lazima, ingawa mara nyingi haipatikani katika zahanati na bei yake huwashinda wengi. Lakini hata anayeimudu anaweza kuipoteza bure kwa kutojua namna ya kuitumia. Dawa hii hushindana na protini tumboni. Anayeimeza pamoja na sahani ya maharagwe au nyama hupata sehemu ndogo tu ya faida yake, kwa hivyo hushauriwa kuimeza nusu saa hivi kabla ya chakula, au saa moja baadaye. Vidonge vya madini ya chuma navyo huizuia, na havifai kumezwa wakati mmoja nayo.

Wakati ni jambo la kufa na kupona hapa. Wodini, muuguzi huzunguka na toroli la dawa kwa saa zilizopangwa na hospitali, lakini mwili wa mgonjwa wa Parkinson una saa zake. Dozi ikichelewa, huenda akashindwa kugeuka kitandani, kumeza au hata kuzungumza. Nchini Uingereza, chama cha wagonjwa kilianzisha mwaka 2006 kampeni mahsusi ya kuwafunza wauguzi umuhimu wa kutoa dawa hii kwa wakati barabara. Kuikatiza ghafla ni hatari zaidi, kwani mgonjwa anaweza kupandwa na homa kali, misuli ikakakamaa na akafariki. Familia nyingi huikatiza ama kwa kuishiwa na pesa, ama kwa sababu mwombezi fulani ametangaza kwamba mgonjwa amepona.

Pana kichekesho kidogo katika historia ya dawa hiyo. Upupu, mmea unaowasha na unaojulikana vyema na watoto wa Pwani waliowahi kuugusa wakicheza, una levodopa ndani ya mbegu zake. Watafiti wamewahi kuujaribu kwa wagonjwa wasioweza kununua vidonge. Hata hivyo, kiwango cha dawa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na kuzila bila mwongozo ni kucheza na moyo, tumbo na akili.

Je, mafunzo yanaweza kubadilisha chochote mahali ambapo dawa ni haba? Jibu la kuridhisha zaidi lilipatikana nchi jirani. Kati ya mwaka 2005 na 2006, watafiti wa Tanzania na Uingereza walizunguka nyumba kwa nyumba wilayani Hai, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, wakiwatafuta wenye Parkinson. Walipata wagonjwa 33 katika eneo lenye wakazi wapatao 161,000. Zaidi ya robo tatu ya hao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Walikuwa wakiishi na ugonjwa usio na jina, bila kidonge hata kimoja.

Baadaye baadhi ya wagonjwa wa Hai ambao hawakuwa wameanza dawa walifunzwa kutembea kwa kufuata mdundo wa sauti, hatua moja kwa kila pigo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa mwendo wao uliimarika. Sababu ni kwamba ubongo wa mwenye Parkinson hupoteza uwezo wa kuendesha mambo ya mazoea, kama kutembea, bila kuyafikiria. Ukipewa ishara kutoka nje, iwe mdundo au mstari chini, hutumia njia nyingine kufikisha amri miguuni. Jambo hilo halihitaji hospitali kubwa. Linahitaji mtu aliyeonyeshwa namna ya kulifanya.

Uholanzi ililichukulia jambo hilo kwa mpango. Mwaka 2004, mjini Nijmegen, ulianzishwa mtandao uitwao ParkinsonNet, ukianza na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Badala ya kila mtaalamu kumwona mgonjwa mmoja kwa mwaka na kusahau alichojifunza, wachache walifunzwa kwa kina na wagonjwa wakaelekezwa kwao. Mtandao huo ulienea nchi nzima. Kwa kaunti yenye wataalamu wawili au watatu wa viungo, wazo hilo lina maana kubwa kuliko semina ya siku moja inayoisha kwa vyeti na picha.

Nyumbani, darasa la mlezi lina mambo ambayo vitabu vya udaktari huyapitia haraka. Mojawapo ni kuganda. Mgonjwa hufika mlangoni au mahali pembamba, na ghafla nyayo zake zinakuwa kama zimegandishwa sakafuni. Mlezi asiyejua humvuta mkono, na wote wawili huanguka. Aliyefunzwa humwambia asimame kwanza, apumue, aegemeze uzito mguu mmoja halafu mwingine, kisha ahesabu "moja, mbili, tatu" na kuinua goti kana kwamba anaruka kijiti. Mistari ya chaki iliyochorwa sakafuni, kwa umbali wa hatua moja, husaidia wengi kupita mlangoni. Wengine huvuka kwa kuimba.

Kumwinua mtu kitini kuna utaratibu wake pia. Asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma ya magoti, ainamishe kifua mbele, ndipo anyanyuke. Asubuhi akae kitandani dakika kadhaa kabla ya kusimama, kwa kuwa shinikizo la damu huweza kushuka ghafla na kumwangusha. Mikeka na mazulia yanayoteleza yaondolewe.

Wakati wa kula, mgonjwa aketi wima na apewe matonge madogo, na asisemeshwe akiwa na chakula kinywani. Maji na chai humpalia kwa urahisi kuliko uji mzito. Akianza kukohoa kila anapokunywa, hiyo ni dalili ya kupeleka kwa mtaalamu, kwani chakula kinachoingia mapafuni husababisha nimonia, mojawapo ya sababu kuu za vifo vya wagonjwa hawa.

Halafu kuna yale yasiyoonekana. Uso wa mgonjwa hukakamaa na kupoteza tabasamu, hivi kwamba mke hudhani amechukiwa na wajukuu huogopa kumsogelea. Huzuni na wasiwasi huja kama sehemu ya ugonjwa wenyewe. Baadhi ya dawa, kama pramipeksoli, zinaweza kuamsha tamaa isiyozuilika ya kucheza kamari au kutumia pesa. Katika nchi ambamo mtu anaweza kucheza kamari kwa simu usiku kucha, familia isiyoonywa inaweza kupoteza akiba yote huku ikimlaumu mzee wa watu kwa kuharibika tabia, ilhali ilipaswa kumwarifu daktari dawa ibadilishwe.

Mlezi mwenyewe hudhoofika. Huamka usiku mara kadhaa kumgeuza mgonjwa, mgongo wake huuma, biashara yake hulala. Wazazi wa watoto wenye utindio wa ubongo walilitambua hili mapema. Nchini Afrika Kusini, katika Eastern Cape, yalibuniwa mafunzo yaitwayo Hambisela ambamo kina mama hukutana kujifunza namna ya kumbeba, kumlisha na kumketisha mtoto. Sehemu ya faida ya vikundi vya aina hiyo ni kule kukutana tu na mwingine anayeyajua hayo. Mafunzo ya namna hiyo kwa walezi wa watu wazima ni nadra, na kijakazi ambaye ndiye hushinda na mgonjwa kutwa nzima hakumbukwi kabisa.

Wataalamu wa neva nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Wanaomwona mgonjwa kwanza ni wauguzi na maafisa wa kliniki, wengi wakiwa wamepitia Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC), pamoja na wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 ambao serikali iliwazindua rasmi Septemba 2023. Wahudumu hao wana mashine za kupima shinikizo la damu na sukari. Wakiongezewa maswali manne au matano, ya mwendo, maandishi, sauti, harufu na kuanguka, wangewafikia wale ambao Hai ilibidi watafutwe nyumba kwa nyumba.

Familia yenye mgonjwa inaweza kuanza sasa kwa daftari na simu. Daftarini iandike saa ambayo kila dozi ilimezwa, saa ambayo mwili ulilegea na saa ambayo ulikakamaa tena. Na siku ambayo mgonjwa ataganda mlangoni, akishatulia na akiwa salama, arekodiwe video ya dakika moja kwa ridhaa yake. Mbele ya daktari wagonjwa wengi hujikaza wakatembea vizuri, kisha wakaganda tena pindi wanapofika nyumbani.